Je, Kemikali za Nyongeza Zaweza Kurudishwa Kazini?

Katika mji mdogo wa Chala, ulio njiani kati ya Sumbawanga na Namanyere katika Wilaya ya Nkasi, hakuna kiwanda kikubwa cha kemikali. Hata hivyo kemikali za viwandani zimekwisha kufika huko siku nyingi. Zimo katika oili ya pikipiki na ya mashine za kusaga, katika dawa ya josho la ng'ombe, katika ngozi ya viatu na katika mifuko ya karatasi ya saruji. Watu wengi hawazitambui, kwa sababu haziuzwi peke yake. Zimechanganywa kidogo kidogo na kitu kingine, au zimetumika kukitengeneza, ili kitu hicho kidumu, kiteleze, kisioze au kisishike kutu. Hizi ndizo kemikali za nyongeza.

Kwa kuwa nyingi ya kemikali hizo huagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, na kwa kuwa mabaki yake humwagwa ardhini na mitoni, ni haki kuuliza: je, zikishatumika zaweza kukusanywa, kusafishwa na kurudishwa kazini? Swali hili hujibiwa kwa haraka mno na pande mbili. Upande mmoja husema kwamba sayansi ya siku hizi yaweza kurudisha kila kitu, na kinachokosekana ni mtaji tu. Upande wa pili husema kwamba taka ni taka, na kazi iliyobaki ni kutafuta shimo la kuzifukia. Pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: hazikuuliza kwanza kemikali inayohusika ilifanya kazi gani.

KANUNI MBILI

Kemikali za nyongeza ni za namna mbili. Zipo zinazosaidia kazi bila kuwa sehemu ya kitu kinachotengenezwa: huingia, hufanya kazi, kisha hutoka zikiwa nzima, au zikiwa zimebadilika kwa namna inayoweza kugeuzwa nyuma. Zipo nyingine ambazo kazi yake hasa ni kujitoa: huliwa na asidi ili chuma kisiliwe, huungana na hewa badala ya mafuta, au hushikamana na kitu zisitoke tena. Za kwanza zaweza kurudishwa. Za pili haziwezi, kwa sababu zikiisha kufanya kazi hazipo tena kama zilivyokuwa, kama vile sabuni iliyokwisha kufulia isivyoweza kurudi kuwa mche.

Kanuni ya pili ni ya kutawanyika. Kilo moja ya chumvi ikiwa katika mfuko ni mali. Kilo hiyo hiyo ikimwagwa katika Ziwa Tanganyika haikupotea, lakini hakuna atakayeichota. Kadiri kitu kinavyozidi kuwa kidogo ndani ya kingi, ndivyo gharama ya kukitenga inavyozidi kupanda, hata kufikia mahali ambapo moto, asidi na kazi inayotumika kukitenga hupita thamani ya kitu chenyewe.

Wakulima wa Ufipa wameijua kanuni hii tangu zamani. Katika kilimo chao cha asili majani hukusanywa na kufunikwa kwa mabonge ya udongo katika matuta ya mviringo, yakaozea humo, kisha matuta hutawanywa na rutuba ikarudi shambani. Kilichokusanywa hurudi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba majani huoza, na kuoza ndiko kunakokirudisha chakula cha mimea katika hali ya kutumika tena. Zinki, kromiamu na aseniki haziozi.

FUNZO LA JOSHO

Mfano ulio karibu zaidi na wafugaji ni josho. Maji ya josho hayamwagwi baada ya kuogesha ng'ombe wa siku moja. Hutumika tena na tena kwa muda mrefu. Kwa mtazamo wa haraka, basi, josho ni kiwanda kidogo kinachorudia kutumia kemikali yake. Lakini sivyo kabisa. Ng'ombe anapotoka majini huchukua dawa nyingi kuliko inavyolingana na maji anayotoka nayo, kwa kuwa dawa nyingi za kupe hung'ang'ania nywele na mafuta ya ngozi. Maji yanayomchuruzika na kurudi bwawani huwa yamekwisha kupungukiwa dawa. Kwa hiyo josho laweza kuwa na maji tele huku dawa yake imekwisha nguvu. Mtunza josho anayejazia kwa kipimo kile kile cha kuanzia hukuta kupe hawafi. Na lililo baya zaidi, dawa hafifu huacha hai wale kupe wanaoistahimili, hao wakazaana, na kizazi kinachofuata kikawa sugu. Ndiyo sababu kujazia hufanywa kwa kipimo kikali zaidi, na sampuli hupaswa kupimwa.

Josho lafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kinachorudi kutumika ni kile kilichobeba, yaani maji, wala si dawa iliyofanya kazi. La pili ni kwamba mabaki hayatoweki. Aseniki, iliyotumika katika majosho ya Afrika Mashariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ni elementi, na elementi haivunjwi na jua wala mvua. Tope lililochotwa katika josho la zamani na kumwagwa kando laweza kuwa na sumu hadi leo. Toksafini, iliyokuja baada ya aseniki, imo katika orodha ya sumu zinazokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu huchukua miaka mingi kuvunjika na hujilimbikiza katika mafuta ya wanyama na binadamu.

MGOLOLO: MZUNGUKO ULIOKAMILIKA

Ili kuona kemikali inayorudi kweli kweli, yafaa kutoka Ufipa na kuelekea Wilaya ya Mufindi. Huko Mgololo kilijengwa kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi mwaka 1985 kwa jina la Southern Paper Mills, na ambacho baada ya kubinafsishwa kiliitwa Mufindi Paper Mills. Mali ghafi yake ni misindano ya msitu wa Sao Hill. Kiwanda cha namna hii hutumia njia iliyovumbuliwa na mkemia wa Kijerumani, Carl Dahl, mwaka 1879. Vipande vya mti hupikwa kwa mvuke katika maji yenye kostiki, ile soda kali wanayoijua watengenezaji wa sabuni, pamoja na salfidi ya sodiamu, mpaka kufikia joto la nyuzi 170 hivi za Selsiasi. Gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, iitwayo lignini, huyeyuka. Nyuzi hubaki kuwa karatasi. Gundi na kemikali hutoka pamoja katika uji mweusi.

Kama uji huo ungemwagwa mtoni, kiwanda kingelazimika kununua kostiki mpya kila siku, na mto ungekufa. Badala yake uji huchemshwa mpaka uwe mzito, kisha hunyunyizwa ndani ya tanuri. Gundi ya mti huungua kama kuni na kutoa mvuke unaoendesha mitambo. Kemikali haziungui, hudondoka chini ya tanuri zikiwa kama lava, mchanganyiko wa salfidi na kaboneti ya sodiamu. Huyeyushwa katika maji na kutiwa chokaa. Chokaa hunyang'anya kaboneti, na kostiki huzaliwa upya. Chokaa yenyewe, ambayo sasa imegeuka kuwa unga wa mawe, huchomwa katika tanuri lake na kurudi kuwa chokaa. Tanuri la namna hii lilikamilishwa na G. H. Tomlinson nchini Kanada katika miaka ya 1930, na kiwanda kilichotunzwa vizuri chaweza kurudisha zaidi ya asilimia 95 ya kemikali zake.

Kwa nini mzunguko huu wafaulu? Sababu ni tatu. Sodiamu haiwi sehemu ya karatasi. Huingia na kutoka. Uji wote mweusi hupita katika bomba moja, haukutawanyika. Na uchafu ulioungana na kemikali, yaani gundi ya mti, ni kuni yenyewe, hivyo kazi ya kusafisha hujilipia nishati yake. Panapokosekana moja ya sababu hizo, hesabu hubadilika.

NGOZI: NUSU YA NJIA

Kiwanda cha ngozi chaonyesha mahali ambapo hesabu hiyo hubadilika. Ngozi za Rukwa, mkoa wenye ng'ombe wengi, kama ngozi za mikoa mingine, zikiisha kuondolewa manyoya kwa chokaa na salfidi hutiwa katika mapipa makubwa yanayozunguka yenye salfeti ya kromiamu. Kromiamu hufungamana na nyuzi za ngozi na kuifanya isioze. Hiyo iliyofungamana imejitoa. Itakaa katika kiatu mpaka kiatu kichakae. Lakini katika njia ya kawaida si yote inayofungamana. Sehemu kama theluthi moja hubaki katika maji ya pipa.

Sehemu hii yaweza kurudishwa, na ufundi wake si mgumu. Maji ya pipa hukusanywa peke yake na kutiwa oksidi ya magnesi. Kromiamu hujitenga na kutuama chini kama tope la kijani. Maji ya juu huondolewa, na tope huyeyushwa kwa asidi ya salfa na kurudi kuwa chumvi ile ile ya kutengenezea ngozi. Jambo gumu ni moja tu, nalo ni la kupanga mifereji. Maji ya kromiamu yakichanganywa na maji ya chokaa na manyoya, kama ilivyo katika kiwanda chenye mfereji mmoja, hupatikana tope la kila kitu lisilofaa kitu. Mfereji wa pili hugharimu kidogo kiwanda kinapojengwa, na hugharimu sana kikiisha kujengwa.

Vipande na vumbi la ngozi lililokwisha kutiwa kromiamu navyo havifai kuchomwa ovyo. Kromiamu ya ngozi ni ya namna isiyo na madhara makubwa, lakini katika moto wenye hewa nyingi, hasa penye chokaa, yaweza kugeuka kuwa namna nyingine iletayo saratani. Wapo wanaosema afadhali kurudi kwenye maji ya magome ya miwati, inayolimwa Njombe tangu kuanzishwa kwa kampuni ya miwati huko mwaka 1949. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa magome huota tena. Hata hivyo maji yake meusi nayo huwanyima samaki hewa yakimwagwa mtoni, na hivyo nayo yataka kukusanywa.

OILI CHAFU

Sasa yafaa kurudi Chala, penye kemikali ya nyongeza iliyo karibu na kila mtu. Oili mpya ya injini si mafuta matupu. Mafuta ya msingi ni kama robo tatu mpaka sehemu tisa kwa kumi; kilichobaki ni kemikali za nyongeza. Zipo zenye kalsiamu, ambazo huua asidi inayotokana na kuungua kwa dizeli. Zipo zenye zinki na fosfori, zinazotandaza utando mwembamba juu ya chuma ili chuma kisisagane na chuma. Zipo zinazoshika masizi yasigandamane, zinazozuia povu, na nyuzi ndefu za plastiki zinazozuia oili isiwe nyepesi mno injini inapopata moto.

Karibu zote hizi ni za namna ya pili: kazi yake ni kujitoa. Kalsiamu iliyoua asidi imegeuka kuwa chumvi. Zinki imebaki juu ya chuma au imevunjika. Nyuzi za plastiki zimekatwakatwa na meno ya gia. Kwa hiyo jibu la swali kuhusu oili ni hili: mafuta ya msingi yaweza kurudishwa, kemikali zake haziwezi. Kiwanda cha kisasa cha kusafisha oili huondoa maji na petroli kwa joto, kisha hukausha mafuta yenyewe kwa mvuke chini ya mkazo mdogo wa hewa na kuyatibu kwa haidrojeni. Mafuta safi hupatikana, na kemikali zilizochoka hubaki katika masalia mazito yanayofaa kuchanganywa na lami. Kisha kemikali mpya hununuliwa na kutiwa.

Hapa ndipo penye hatari kwa mwananchi. Oili chafu ikitulizwa, ikachujwa kwa kitambaa au mchanga, hupungua weusi na kupendeza machoni. Anayeitia katika chupa na kuiuza kama mpya ameuza kibebeo bila mzigo. Ni josho lililojaa maji yasiyo na dawa. Mkulima atakayeitia katika injini ya mashine yake ya kusaga haoni tofauti siku hiyo. Ataiona pale pistoni zitakapokwaruza na asidi itakapokula mabushi, na kijiji kizima kikalazimika kubeba mahindi kwenda kusaga mbali. Hakuna chujio la kitambaa linaloweza kurudisha zinki iliyokwisha kutumika.

Wapo pia wanaopendekeza kwamba kila wilaya ijengewe mtambo mdogo wa kusafisha oili kwa asidi ya salfa na udongo. Njia hiyo ni ya zamani na mitambo yake ni rahisi, lakini huacha tope jeusi lililojaa asidi, ambalo ni baya kuliko oili chafu lenyewe lilivyokuwa. Kuipeleka njia hiyo Nkasi ni kubadilisha taka moja kwa nyingine kali zaidi. Pendekezo hilo lafaa kukataliwa.

Mwenye gereji atauliza: kwani oili chafu haina kazi? Hupakwa nguzo zisiliwe na mchwa, na hulainisha minyororo ya misumeno. Ni kweli, na hasara iletwayo na mchwa si ya kudharauliwa. Lakini oili chafu ina masizi yenye sumu za kuleta saratani na chembe za metali zilizosagika. Nguzo ya ghala la mahindi, zizi, au uzio ulio karibu na kisima si mahali pake. Na kinachopakwa nguzo ni kidogo. Kingi humwagwa chini. Pikipiki moja hubeba kama lita moja ya oili. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba mji una pikipiki 200 na kila moja hubadilishwa oili mara moja kwa mwezi, hiyo ni lita 2,400 kwa mwaka, yaani mapipa 12 ya lita 200, kabla ya kuhesabu malori, matrekta na mashine.

Hali ya nchi ya Ufipa yaongeza uzito wa jambo hili. Uwanda huo umekaa kati ya maziwa mawili. Ziwa Rukwa halina mto wa kutoka: maji hutoka kwa kukauka juani tu, na kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Ziwa Tanganyika hutoka kwa Mto Lukuga, lakini ni kubwa na lenye kina kiasi kwamba maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka. Mahali pengine mto huchukua makosa ya watu na kuyapeleka baharini. Ufipa haina bahati hiyo.

LIFAALO KUFANYWA

Kutokana na hayo, haifai kuitaka Chala irudishe kemikali ambazo kanuni za kemia zimekataa zirudishwe. Inalofaa kuombwa ni jambo dogo na la lazima: kukusanya bila kuchanganya. Oili chafu isiyochanganywa na maji, dawa wala petroli ni mali ghafi. Yaweza kuwa mafuta ya msingi tena, au ikaunguzwa katika tanuri la saruji, ambalo kwa kawaida hupita joto la nyuzi 1,400 na kuzifunga metali ndani ya saruji. Mji wa Mbeya una kiwanda cha saruji jirani yake, huko Songwe; safari ni ndefu, lakini pipa lililojaa lina sababu ya kusafiri, dimbwi la nyuma ya gereji halina.

Nani atalipa nauli? Jibu limo katika chupa ya soda. Kwa miaka mingi chupa ya kioo ilirudi kiwandani kutoka vijiji vya mbali kabisa, wala haikurudi kwa hofu ya sheria. Ilirudi kwa sababu ilikuwa na bei, na gari lililoleta soda ndilo lililobeba chupa tupu. Vivyo hivyo anayeuza oili mpya alazimike kuipokea chafu, na mnunuzi alipe amana ndogo atakayorudishiwa akileta lita yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukubali kwamba anayechafua alipe, na Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 imekwisha kuweka msingi wa kudhibiti kemikali. Kinachobaki ni kuziteremsha sheria hizo mpaka kwenye pipa lenye kifuniko katika kila gereji.

Kwa viwanda vikubwa hoja ni nyingine. Huko kurudisha kunawezekana, na kwa hiyo kusiachwe kuwa hiari. Anayeomba kibali cha kujenga kiwanda cha ngozi aonyeshe katika ramani yake mfereji wa kromiamu ulio peke yake; anayejenga kiwanda cha karatasi aonyeshe tanuri lake kabla ya kuonyesha mashine ya karatasi. Vyuo vikuu navyo viwafundishe wahandisi kulijibu swali la kurudisha wakati wa kuchora, kwa maana kiwanda kikiisha kujengwa swali hilo hujibiwa na mto.

Kemikali iliyosaidia bila kujitoa irudishwe kazini. Iliyojitoa isidanganywe kuwa mpya. Na zote mbili zisiachwe zikatawanyika, kwa kuwa katika nchi iliyo kati ya Rukwa na Tanganyika hakuna mahali pa mbali pa kuzipeleka.